Una GPA ya 3.8, Wastani wa Harvard ni 3.7: Je, Umepita?

Kila maombi ya vyuo vya nje yanapokaribia kufunguliwa, swali hili linarudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahitimu wa Arusha na Moshi: “Kaka, nina GPA ya 3.8. Nimeona wastani wa darasa la MBA la Harvard ni 3.7. Si nimepita hapo?” Anayeuliza hafanyi utani. Amefungua tovuti ya shule, ameona namba, ameilinganisha na cheti chake, akafurahi. Kwenye grupu hilohilo yupo mwingine mwenye GPA kama yake aliyepiga hesabu tofauti: amegawa 3.8 kwa tano, akazidisha kwa nne, akapata 3.04, akaacha mpango wote jioni ileile.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanatafuta mstari wa kuvuka mahali ambapo hakuna mstari.

Tuweke maneno sawa kwanza. MBA ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Shule ya biashara ni kitengo cha chuo kikuu, au taasisi inayojitegemea kama INSEAD ya Ufaransa, inayotoa shahada hiyo. Tunaposema shule ina ushindani tunamaanisha kwamba waombaji wanaofaa ni wengi kuliko viti. Kwa darasa lililoanza mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi karibu 9,900 na walioingia darasani walikuwa 930. Stanford ilipokea karibu 7,300 na walioingia ni 424. Walioingia si sawa na waliokubaliwa, kwa sababu wapo wanaokubaliwa kisha wakaenda kwingine, lakini picha unaipata.

Kiwango cha udahili ni asilimia ya waombaji waliokubaliwa. Wasifu wa darasa ni ule ukurasa wa tovuti ambapo shule inatangaza kundi lililoingia: wangapi, kutoka nchi ngapi, alama zao zikoje. Na namba ya katikati, ambayo watu huichanganya na alama ya kufaulu, ni hii: wapange wanafunzi wote kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha soma alama ya yule aliyesimama katikati. Nusu ya darasa wako chini yake, na wameingia.

Mstari tuliozoea

Tusijilaumu sana kwa kutafuta mstari, maana ndivyo tulivyolelewa. Kidato cha nne ulikuwa unajua kwamba pointi saba ndiyo kilele cha divisheni one, na kidato cha sita ulijua kwamba kilele ni pointi tatu. Ulipoomba chuo kikuu, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, ulikuambia programu hii inataka pointi kadhaa katika masomo fulani. Ukizifikisha unashindanishwa kwa alama, usipozifikisha umekwama. Hata shahada za uzamili za hapa nyumbani huanza na sharti lililoandikwa wazi, kwa kawaida digrii ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7. Mfumo huu una faida yake kubwa: mtoto wa Rombo asiyemjua mtu yeyote anaweza kuhesabu mwenyewe na kujua alipo.

Shule za biashara zenye ushindani hufanya kazi kwa namna nyingine. Zinasoma faili zima la mtu: masomo, mtihani, kazi aliyofanya, insha, barua za waliomsimamia na usaili. Kisha zinajiuliza maswali mawili. La kwanza: huyu ataliweza darasa? La pili: tukimweka huyu pamoja na wale wengine tuliokwisha kuwachukua, darasa linapata nini ambacho halina? Swali la kwanza lina jibu la ndiyo au hapana, na waombaji wengi hupata ndiyo. La pili ndilo linalowatupa nje watu wenye alama nzuri.

Mtu wa Moshi anaweza kulielewa jambo hili kwa haraka kuliko wengi, kwa sababu ya kahawa. Ikishakobolewa, kahawa hupita kwenye machekeche na kupangwa kwa ukubwa wa punje: AA, A, B, na zile punje moja za mviringo zinazoitwa PB. Ukubwa unapimika, haubishaniwi. Lakini mnunuzi wa mnadani hanunui kwa kutazama AA peke yake. Kuna waonjaji, na kikombe kinaweza kuiangusha AA na kuipandisha B. Tena mnunuzi anayechanganya kahawa za kuuza nje hafuati tu ile tamu kuliko zote, bali anatafuta ile anayoikosa kwenye mchanganyiko wake wa msimu huo. GPA na GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, ni chekeche. Insha, barua na usaili ni kikombe. Na ule mchanganyiko ni darasa lenyewe, ambalo wewe mwombaji hulioni.

Kwa hiyo mwombaji anayeuliza “Nina asilimia ngapi?” anauliza swali ambalo hata ofisi ya udahili haiwezi kulijibu kabla ya kuona nani mwingine ameomba mwaka huo. Anachoweza kukipima ni kama amepita kwenye chekeche, na kama kikombe chake kina ladha inayokumbukwa.

Namba, na jinsi zinavyotudanganya

Turudi kwa ndugu yetu wa 3.8. Vyuo vyetu vinatumia kipimo cha 5.0: daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4. Marekani kipimo chao kikuu ni 4.0. Kwa hiyo 3.7 ya Harvard na 3.8 ya Mlimani si namba za familia moja. Hilo ndilo kosa la aliyefurahi.

Aliyekata tamaa alikosea kuamini kwamba kugawa na kuzidisha kunatafsiri kitu. Vyuo vyetu vingi havimwagi alama za juu. Mwenye 3.8 kwetu anaweza kuwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa wa darasa lake, ilhali 3.04 ya chuo cha Marekani humwonyesha mtu wa kawaida. Shule kubwa hulijua hili. Kwa kawaida hukuambia uandike GPA kama ilivyo kwenye cheti chako na kutaja kipimo chake, usijibadilishie mwenyewe. Msomaji wa faili hutazama daraja lako, chuo chako, masomo uliyochukua na mwelekeo wa alama zako. Aliyeanza na C za mwaka wa kwanza akamaliza na A anasomwa tofauti na aliyeanza na A akamaliza na C, hata kama GPA zao zimelingana.

Kama unajua nafasi uliyoshika darasani, itaje popote fomu inaporuhusu. Kuwa wa tatu kati ya wanafunzi 180 kunaeleweka Boston bila mkalimani.

Halafu kuna GMAT, mtihani wa kompyuta unaopima hesabu, lugha na uwezo wa kusoma takwimu. Hapa kuna mkanganyiko mpya ambao umewapotosha watu wengi makini. Kwa miaka mingi wimbo ulikuwa “lazima 700”, kwa kipimo cha 200 hadi 800. Novemba 2023 ulikuja mtihani mpya wenye kipimo cha 205 hadi 805, na ule wa zamani ukafungwa mapema mwaka 2024. Vipimo hivi viwili vinafanana kwa macho tu. Alama 645 ya mtihani mpya inakaribiana na 700 ya zamani, kwa maana ya asilimia ya watahiniwa unaowazidi. Mtu anayepata 645 leo akasononeka kwa kuwa hajafika 700 anajisononesha bure. Namna ya kuutambua mtihani mpya: kila alama inaishia na 5, kuna sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na hakuna insha.

Kwenye kipimo cha zamani, namba ya katikati ya Harvard ilikuwa 740. Kumbuka maana yake. Nusu ya darasa walikuwa chini ya hapo. Lakini usilainishe mambo kupita kiasi: walioingia na alama za chini mara nyingi walikuwa na kitu kingine kinachoonyesha kwamba hesabu haiwashindi, au historia ya kazi ambayo shule haikutaka kuikosa. Ushauri wangu ni kwamba, kama digrii yako ilikuwa na hesabu kidogo na GPA yako ni ya kawaida, GMAT ndiyo sehemu pekee ya faili unayoweza kuibadilisha ndani ya miezi michache. Kazi uliyofanya jana huwezi kuibadilisha, cheti cha mwaka 2018 nacho hakibadiliki. Shule nyingi pia hupokea GRE, mtihani mwingine wa kuombea uzamili, badala ya GMAT, na kwa baadhi ya watu GRE ni rahisi zaidi kwenye hesabu.

Kabla ya kulipa ada ya mtihani, ambayo ni mamia ya dola, fanya mitihani miwili ya majaribio inayotolewa bure na wenye GMAT kwenye tovuti yao. Fanya ya kwanza bila kujiandaa sana, ukae chumbani kwa muda wake kamili, simu ikiwa imezimwa. Alama utakayopata itakuambia ukweli mwingi kuliko maoni hamsini ya magrupu.

Kuhusu Kiingereza: waliosoma digrii nzima kwa Kiingereza mara nyingi huondolewa sharti la mtihani wa lugha wa IELTS au TOEFL, na vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza. Angalia sharti la shule husika kabla ya kutoa pesa.

Sasa asilimia yenyewe. Watu husema, “Stanford wanachukua chini ya kumi kwa mia, basi nafasi yangu ni chini ya kumi kwa mia.” Hapana. Hiyo ni asilimia ya kundi zima, likiwamo kundi la waliojaza fomu usiku wa mwisho. Kuna mwombaji ambaye nafasi yake ni kama sifuri na kuna ambaye nafasi yake ni kubwa kuliko nusu, na wote wamo ndani ya asilimia ileile.

Kosa linalofuata ni la kisomi zaidi na linawapata hata wahasibu. Linasema hivi: kama kila shule ina nafasi ya asilimia 10, nikiomba shule tano nafasi ya kupata angalau moja ni asilimia 41. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila msingi wake haupo. Ingekuwa kweli kama kila shule ingekuwa inarusha sarafu yake bila kujali za wenzake. Lakini shule zote tano zinasoma insha zako zilezile, barua ya bosi yuleyule, GMAT ileile. Kama insha yako haieleweki, haitaeleweka mara tano. Kuomba shule nyingi kunasaidia pale tu shule zenyewe zinapotofautiana kweli: moja ya miaka miwili Marekani, moja ya miezi 10 kama INSEAD, moja ya mwaka mmoja kama ile ya Oxford, moja ya Nairobi au Cape Town.

Na jihadhari na hadithi za walioingia. Anayekuambia “mimi niliingia na 600” anasema kweli, lakini wale mia walioomba na 600 wakakosa hawajisifu popote, kwa hiyo huwasikii.

Kikombe: kazi, insha na barua

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo waombaji wa kwetu wanapopotezea nafasi walizokuwa nazo.

Wastani wa uzoefu wa kazi kwenye shule kubwa ni kama miaka mitano. Watu husikia hivyo wakadhani shule inahesabu miaka. Inachotafuta ni kukua: ulipewa dhamana gani mwaka wa kwanza, na mwaka wa nne ulikuwa umeaminiwa na nini? Mtu aliyekaa benki miaka saba kwenye dirisha lilelile ana uzoefu mfupi kuliko aliyefanya miaka mitatu, akaanza kama mhasibu msaidizi wa shamba la maua Usa River, akaishia kusimamia mzunguko wa fedha wa shamba zima wakati wa bei mbaya.

Kuna imani kwamba lazima uwe umefanya kazi kampuni kubwa ya ushauri au benki ya kimataifa. Kwa kweli waombaji wa aina hiyo ndio wamejaa, na wanashindana wenyewe kwa wenyewe. Meneja wa kampuni ya utalii ya Arusha aliyeshika usukani mwaka 2020 watalii walipokatika ghafla, akalazimika kuamua nani abaki kazini, magari yapi yauzwe na amana za wateja zirudishwe vipi, ana jambo la kusema kuhusu uongozi ambalo mchambuzi wa Manhattan hana. Ofisa mikopo wa SACCOS ya wakulima wa Machame anayo pia. Tatizo ni kwamba wengi hawaoni kuwa hilo ni jambo, wanaliona kama mateso ya kawaida ya kazi.

Wala huhitaji kuwa umesoma biashara. Wahandisi, madaktari, walimu na wanajeshi wanaingia kila mwaka.

Insha ndiyo mahali pa kulisema. Swali maarufu la Stanford kwa miaka mingi limekuwa: ni kitu gani muhimu kuliko vyote kwako, na kwa nini? Mwombaji wa kwetu hujibu kwa hotuba: maendeleo ya Afrika, ajira kwa vijana, kuondoa umaskini. Yote mema, na yote yameandikwa na maelfu ya watu kabla yake. Msomaji akimaliza hajui chochote juu ya mwandishi.

Tatizo la pili ni adabu yetu. Tumefundishwa kutojikweza. Kwenye ripoti tunaandika “tulifanikiwa”, “timu ilipunguza gharama”, “ofisi iliamua”. Kwenye maombi ya MBA msomaji anauliza: wewe ulifanya nini hasa? Nani alipinga na ulimwambiaje? Matokeo yalikuwa kiasi gani? Kuandika “nilimshawishi mkurugenzi asiuze magari mawili, kwa sababu hizi” si majivuno, ni taarifa. Na upande mwingine wapo wanaozidisha, wakajipa cheo ambacho bosi wao kwenye barua yake hakitaji. Shule huajiri watu wa kuhakiki taarifa, na uongo wa aina hiyo hufuta udahili hata baada ya barua kutoka.

Barua zenyewe ni kichekesho kinachouma. Shule nyingi huomba moja au mbili, na huzitaka kwa mtu aliyekusimamia kazini. Kwetu bosi akiombwa barua, jibu la kawaida ni: “Andika mwenyewe mdogo wangu, nitasaini.” Shule zinakataza jambo hilo waziwazi, na mara nyingi msomaji hugundua, kwa sababu barua na insha zina mkono mmoja. Unachoruhusiwa ni kukaa naye, kumkumbusha miradi mliyofanya pamoja, kumweleza kwa nini unaomba, na kumwonyesha maswali ya fomu mapema. Fomu humtaka aeleze mfano wa mrejesho mgumu aliowahi kukupa na jinsi ulivyoupokea. “Ni kijana mwenye nidhamu na mchapakazi” haijibu swali hilo.

Na ile barua ya mkuu wa mkoa, ya askofu au ya mbunge? Kama hajawahi kukusimamia kazini, iache. Mratibu wa msafara wa Kilimanjaro aliyefanya kazi nawe misimu mitatu anakufaa kuliko waziri aliyekuona harusini.

Usaili mara nyingi ni kwa mwaliko tu. Wa Harvard hufanywa na watu wa ofisi ya udahili kwa muda wa nusu saa, wakiwa wamelisoma faili lako lote. INSEAD na London Business School hutumia wahitimu wao. Ukialikwa, jua chekeche umeshapita. Wengi wanaokosa baada ya hapo hukosa kwa sababu za mchanganyiko, yaani darasa, wala hakuna atakayekuambia kwa nini.

Utanzania: faida au kikwazo?

Nasikia pande zote mbili. Wengine wanasema kuna nafasi za Waafrika, ukiomba tu unapata. Wengine wanasema wazungu hawawezi kumchukua mtu wa Sanawari. Shule hizi hazitangazi idadi ya viti kwa kila nchi. Zinachosema ni kwamba zinataka darasa lenye mchanganyiko, na zinasoma kila faili kwa kuzingatia mazingira ya mtu. Watanzania wanaoomba ni wachache, na hilo linaweza kukusaidia kuonekana. Lakini wachache hao si dhaifu: wapo waliotoka kampuni kubwa za ukaguzi, mitandao ya simu na benki za Dar es Salaam, na wengine walisoma digrii ya kwanza nje. Hao ndio utakaosomwa karibu nao.

Jambo la kufanya ni kutoficha mazingira yako na kutoyauza. Kama ulilipia ada ya chuo kwa kupanda mlima kama mbeba mizigo, sema kwa sentensi mbili, uendelee. Msomaji ataelewa uzito wake.

Pesa ni mlango wa pili

Kukubaliwa na kuweza kwenda ni mambo mawili, na kila moja lina nafasi yake ya kupimwa. Gharama za Harvard kwa mtu asiye na familia zimevuka dola 110,000 kwa mwaka, na programu ni ya miaka miwili. Ada peke yake ya London Business School imevuka pauni 100,000. Harvard na Stanford hutoa msaada kwa kuangalia hali yako ya kifedha, si alama, na hali hiyo haizingatiwi wakati wa kuamua udahili. Msaada huo kwa kawaida haufuniki kila kitu. Shule nyingine hutoa ufadhili kwa ubora, na huko GMAT ya juu ina thamani ya pesa kabisa.

Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, inataka uwe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Kwa MBA ina ukomo wa ada inayolipa, kwa hiyo kwa shule ghali lazima ujazie mwenyewe. Ushindani wake ni wa peke yake. Unaweza kuipata shule ukaikosa Chevening.

Visa nayo ni uamuzi wa serikali, si wa shule. Masharti ya Marekani hasa yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo yaangalie upya kabla ya kuweka amana yoyote.

Na akija mtu ofisini kwako akiahidi kwamba kwa milioni kadhaa “anakuingiza”, mpishe njia. Kuna washauri halali wanaosaidia mtu kupanga mawazo ya insha. Anayeahidi matokeo anauza kitu ambacho hana.

Jipime hivi

Chukua shule moja unayoitaka kweli. Fungua wasifu wa darasa lake, utafute si wastani tu bali upana wa alama za walio wengi. Kama GMAT yako ya majaribio iko ndani ya upana huo, umepita swali la kwanza. Kama iko chini sana, una kazi ya miezi kadhaa, au una shule nyingine ya kufikiria.

Kisha andika kwenye karatasi moja mambo matatu uliyoyabadilisha kazini, yakiwa na namba. Mpe mtu asiyeijua kazi yako, muulize amekumbuka nini baada ya siku mbili. Asipokumbuka chochote, tatizo si GPA. Halafu jiulize kwa nini unahitaji MBA na kwa nini sasa. Kama jibu ni kupandishwa cheo hapahapa Arusha, inawezekana programu ya taasisi ya usimamizi ya ESAMI au ya chuo cha uhasibu cha IAA pale Njiro, ambayo unasoma huku ukiendelea na kazi, inakufaa kuliko kuacha kazi kwa miaka miwili. Sisemi hivyo kwa kupunguza ndoto ya mtu, ila nimeona watu wakiomba Harvard kwa lengo ambalo lingetimizwa na Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi, saa chache tu kwa barabara kupitia Namanga.

Umri nao una neno. Mwenye miaka 38 na uzoefu wa miaka 14 hana sababu ya kujilazimisha kwenye darasa la watu wa miaka 28. Kuna MBA za watendaji, na kuna programu za mwaka mmoja za watu waliokwisha kuongoza, kama MSx ya Stanford inayotaka uzoefu wa angalau miaka minane. Huko uzoefu wako ni sifa, haugeuki swali.

Kuhusu muda, shule nyingi zina awamu tatu: Septemba, Januari na karibu na Aprili. Harvard ina mbili tu za kawaida, mwanzoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Januari. Kwenye awamu ya tatu, pale ilipo, viti na ufadhili vimebaki vichache, na anayehitaji visa anabanwa na muda. Kwa mtu wa huku, Septemba ina tatizo lake: Juni hadi Oktoba ni msimu wa watalii, na bosi wa kampuni ya utalii hana hata dakika ya kupokea simu, achilia mbali kukuandikia barua. Mwendee Aprili au Mei, wakati wa mvua, ofisi zikiwa zimetulia. Na ukiamua Januari, malizia insha zako kabla ya tarehe 20 Desemba, kwa sababu baada ya hapo Wachaga wote watakuwa wamerudi Moshi, nyumba imejaa wajomba na shangazi, na hakuna atakayekuelewa ukisema una fomu ya kujaza.